Nimenunua kichupa cha Warumi mtandaoni: kioo ni cha kweli, karatasi ndiyo ya uongo

#1 Mchanga na Magadi (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Wale wa shikamoo, shikamooni.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa aibu. Ila juzi nimeona jamaa humu anauliza kama zile "chupa za kale za Roma" zinazouzwa mtandaoni ni dili, nikaona bora niseme yaliyonikuta kabla hajatuma hela.

Naishi Cologne, Ujerumani, mwaka wa tisa huu, kazi yangu ni kutunza wazee. Mji huu Warumi waliupa hadhi ya koloni mwaka 50, na mpaka leo mtu akichimba msingi wa nyumba anakutana nao. Makaburi yao yalipangwa kandokando ya barabara zinazotoka mjini, na humo kaburini waliweka vioo: vichupa, bilauri, mitungi midogo. Ndiyo maana makumbusho ya hapa, Römisch-Germanisches Museum, yana vioo vya Kirumi kwa maelfu. Siku ya kwanza niliingia kukwepa mvua tu. Nilitoka saa ya kufunga.

Kuna kikombe pale kilichopatikana mwaka 1960 mtaa wa Braunsfeld. Kimezungukwa na wavu wa kioo, na wavu wenyewe haugusi kikombe isipokuwa kwa vijiti vidogo mno vya kioo. Fundi alianza na kioo kinene kilichopulizwa, kikapoa, ndipo akakichonga na kukisaga polepole mpaka wavu ukabaki kama unaelea. Ukingoni kuna maneno ya Kigiriki: kunywa, uishi vizuri daima. Nilisimama pale kama mtoto mbele ya karai la maandazi.

Vikombe vya namna ile si saizi yetu. Kimoja, kinaitwa Constable-Maxwell, kiliuzwa kwenye mnada wa Bonhams London mwaka 2004 kwa zaidi ya pauni milioni 2.6. Lakini nikaja kugundua kwamba vichupa vya kawaida vya mafuta na marashi vya enzi hizohizo unavipata kwa euro 100 hadi 300. Bei ya viatu. Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Mwaka 2021 nikashinda mnada mmoja wa mtandaoni, euro 140. Kichupa cha sentimita 13, shingo ndefu, tako pana lililobonyea, ukikiangalia kwa mbali utadhani kinara cha mshumaa. Kilikuwa kinang'aa zambarau, kijani na dhahabu, rangi za shingo ya njiwa. Muuzaji kaandika: Mashariki ya Mediterania, karne ya 2, "kutoka mkusanyiko wa zamani wa Ulaya". Ndani ya boksi kuna "cheti cha uhalisi" chenye muhuri wa dhahabu.

Naendelea baadaye, zamu inaanza.

#2 Kigoda Cha Mbele

Nimeshaweka kigoda. Mkuu usituache kama tamthilia.

#3 Rupia Ya Mjerumani

Ngoja kwanza. Euro 140 si karibu laki nne ya madafu? Kwa chupa TUPU? Mimi nyuma ya nyumba nina kreti mbili, nikuletee?

#4 Mama Neema

Mwacheni mwenzenu amalize jamani.

#5 Mchanga na Magadi

Nimerudi. Rupia, umeuliza kwa utani lakini umegusa penyewe. Hata Mrumi mwenyewe aliiona ni chupa tupu, na hiyo ndiyo sababu mimi na wewe tunaweza kuimudu.

Zamani kioo kilikuwa kitu cha wakubwa. Fundi anafinyanga kiini cha udongo, anakizungushia kioo cha moto, kikipoa anaukwangua ule udongo wa ndani. Kazi ya polepole, chombo chenyewe kidogo. Halafu karne ya 1 kabla ya Kristo, huko pwani ya Shamu na Palestina, mtu akapuliza. Jerusalem wamechimba takataka za karakana moja ya mwaka 50 KK hivi, wakakuta vipande vya mirija ya kioo iliyopulizwa kwa mdomo. Fundi yule bado anajaribu, hajajua ameshika nini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika zama za Augusto na Tiberio, anasema pale Roma bilauri ya kioo unaipata kwa sarafu ya shaba. Fundi Ennion, anayehusishwa na Sidoni, akawa anapuliza kioo ndani ya kalibu, na kalibu yenyewe imechongwa jina lake: Ennion alitengeneza. Kila chombo kinatoka na tangazo lake ubavuni.

Sasa sikilizeni hesabu. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alichoshwa na mfumuko wa bei, akatoa bei elekezi kwa dola nzima. (Ndiyo, bei elekezi, na wafanyabiashara wakafanya kama wanavyofanya siku zote.) Vyombo vya kawaida vya kioo cha Uyahudi, kile cha kijani kijani, dinari 20 kwa ratili. Kibarua wa shamba, dinari 25 kwa siku na chakula juu. Ratili yao ni kama gramu 327. Kichupa changu nimekiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 41. Kwa bei hiyo kinatoka dinari mbili na nusu, yaani sehemu ya kumi ya kibarua cha siku.

Na kimetengenezwa kwa nini? Mchanga na magadi. Sasa mmeelewa jina langu. Magadi ya Warumi yalitoka Wadi Natrun kule Misri, na Ziwa Natron letu limepewa jina la madini hayohayo. Yale ya Ziwa Magadi upande wa Kenya yamechimbwa zaidi ya miaka mia sasa, na viwanda vya vioo ni miongoni mwa wanunuzi wake. Magadi yanaushusha mchanga uyeyuke kwa moto ambao tanuri la kuni linaufikia. Mchanga maarufu ulikuwa wa mdomo wa mto Belus karibu na Akka, pwani ya Palestina, mwandishi wa Kirumi Pliny anautaja. Ndani yake kuna vipande vya makombe ya baharini, na hiyo ndiyo chokaa ya kukifanya kioo kisiyeyuke majini. Ule ukijani ni chuma kilichomo mchangani, hakuna aliyeutia.

Kioo kibichi kiliyeyushwa kwa matani kwenye matanuri makubwa, kikavunjwa mabonge, mabonge yakapakiwa melini kwenda kwa wapulizaji wa mbali, hadi huku Cologne. Kuna bonge moja Beth She'arim, Israeli, lina karibu tani 9. Lilibuma likaachwa palepale, lipo hadi leo. Ni la baadaye, Warumi walishapita, lakini njia ni ileile.

Vilivyovunjika navyo havikutupwa. Mshairi Martial anamtaja mchuuzi wa Roma anayebadilisha kiberiti kwa vioo vilivyopasuka, mnawajua hao, wa kwetu wanapita na mikokoteni wakiita chuma chakavu. Na meli ya Iulia Felix iliyozama karibu na Grado, Italia, ilikutwa na pipa lenye vipande vya kioo kama 11,000 vinavyokwenda kuyeyushwa upya.

#6 Mwalimu wa Kibiti

Mwenye uzi umenigusa, acha niongeze la huku nyumbani maana watu wanadhani Roma na sisi hatukujuana.

Kuna mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, umeandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri ya Kirumi, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Unaieleza pwani yetu kwa jina Azania na soko lake la mwisho Rhapta. Vinavyoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza kule Yemen, vishoka, visu, misharasi, na *vitu vya kioo vya aina nyingi*. Vinavyochukuliwa: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Kwa hiyo kioo kilikuwamo kwenye mzigo wa kwanza wa kwetu ulioandikwa kwenye karatasi.

Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kwenye jarida la Current Anthropology kuhusu shanga za Kirumi alizozipata eneo la delta ya Rufiji. Ni shanga, si chupa. Lakini kaskazini zaidi, Heis kwenye pwani ya Somalia, Mfaransa Georges Révoil alichimba makaburi ya mawe miaka ya 1880 na kukuta vyombo vya kioo vya Kirumi kabisa. Wanafunzi wangu nikiwaambia hivi hawaamini, wanataka picha ya mfalme na mapanga.

#7 Kigoda Cha Mbele

Mwalimu heshima yako. Humu ndani kuna vichwa.

#8 Mama Neema

Bwana asifiwe. Naomba kuuliza, hivi hizi ndizo zile chupa za machozi? Tulipokwenda hija Nchi Takatifu muongozaji alitueleza kwamba mjane analia ndani ya kichupa, kisha anakizika na marehemu. Akatusomea Zaburi ya 56, machozi yatiwe chupani. Nilinunua kimoja dukani pale, dola 60.

#9 Mchanga na Magadi

Mama shikamoo. Zaburi ipo kama ulivyosomewa, lakini hivi vichupa havihusiani nayo. Jina la "chupa za machozi" wamelitunga wakusanyaji wa Ulaya waliokuwa wanavikuta makaburini wakaona hadithi tamu. Mabaki yaliyopimwa ndani ya vichupa vya aina hii ni mafuta na vipodozi. Mzazi wako akifa unampaka mafuta mazuri, kile kichupa huwezi kurudi nacho nyumbani, unakiacha naye. Nadhani hilo halina haja ya kupambwa.

Cha dola 60 nitumie picha faragha, nisikuharibie siku hadharani.

#10 Rupia Ya Mjerumani

Hahaha. Mama Neema pole sana.

#11 Kigoda Cha Mbele

Mkuu turudi kwenye kesi. Cheti cha muhuri wa dhahabu.

#12 Mchanga na Magadi

Haya, sehemu ya aibu.

Kwanza nilikiosha. Msinicheke. Kilikuwa na udongo mwekundu shingoni, nami nimelelewa na mama asiyeweka kitu kichafu kabatini. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, nikakizungusha. Kikiwa kimelowa kikawa angavu kabisa, rangi zote zimetoweka, nikafurahi. Kilipokauka rangi zikarudi, ila zikaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Kwenye sinki nikaona vipande vinavyometa vinaingia kwenye tundu.

Baadaye nikaelezwa. Kioo kikikaa ardhini karne nyingi, unyevu unafyonza yale magadi juu juu, yanabaki matabaka membamba mno, jani juu ya jani. Mwanga ukiingia kati ya majani hayo unatoka na rangi, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi la barabarani. Maana yake ile rangi ni kioo kinachooza. Hakuna Mrumi aliyewahi kuiona. Lakini ndiyo tunayoipenda na ndiyo inayopandisha bei, na mimi ya kwangu robo nzima imeishia kwenye mfereji wa maji machafu wa Cologne.

Pili, karatasi. Binti wa mzee mmoja niliyemhudumia kazi yake ni kukarabati vyombo vya kale. Nikampelekea. Alikiangalia kwa lenzi dakika kumi hivi hajasema kitu. Mdomo umekunjwa kuingia ndani, si sawasawa pande zote. Mapovu ya hewa kwenye shingo yamevutika marefu kufuata mkono wa fundi. Uozo umeingia mpaka kwenye mikwaruzo. "Cha kweli," akasema. Nikavimba kichwa. Halafu akauliza: karatasi ziko wapi?

Nikamtolea cheti. Akakisoma akanirudishia kwa vidole viwili. Cheti kinasema kichupa ni halisi, na aliyekisaini ni huyohuyo aliyeniuzia. Hakisemi kimechimbwa wapi, kimetoka nchi gani mwaka gani, wala mkusanyiko huo wa zamani ulikuwa wa nani. Na ule udongo niliouosha? Akasema peke yake si ushahidi, ila kitu kilichokaa kabatini Ulaya tangu enzi za bibi mara nyingi hakiji na udongo unaomomonyoka kwenye kidole.

Nikaelewa polepole. Mwaka 2021, kichupa cha Mashariki ya Mediterania, hakina historia. Ukichora ramani ya nchi zilizokuwa zinafukuliwa usiku miaka hiyo, Syria ndiyo ya kwanza. Pale Apamea, mji wa kale wa huko, picha za setilaiti zilionyesha ardhi imetobolewa mashimo kama sega la nyuki. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2199 Februari 2015: vitu vya kale vilivyoondolewa Syria kinyume cha sheria baada ya tarehe 15 Machi 2011 marufuku kuuzwa, na vya Iraki baada ya tarehe 6 Agosti 1990.

Sisemi changu kimetoka huko. Sina namna ya kujua, na hapo ndipo tatizo lilipo. Nyumba mbili za mnada nilizoziuliza kama zinaweza kuniuzia zilitaka risiti au picha ya zamani. Sikuwa nayo. Muuzaji nilimwandikia mara nne. Ya kwanza alijibu kwamba "wateja wake wanapenda faragha". Nyingine hakujibu.

#13 Darubini

Mkuu usijilaumu sana kwa kuosha. Mwaka 1845, tarehe 7 Februari, kijana mmoja aliyekuwa amekunywa siku kadhaa mfululizo aliingia British Museum, akachukua kipande cha sanamu ya jiwe akakivurumisha kwenye chombo cha kioo cha Kirumi kinachoitwa Portland Vase. Bluu iliyoiva, juu yake watu weupe wamechongwa kwenye tabaka la pili la kioo. Kikawa vipande zaidi ya mia.

Sasa utamu wa kisheria: sheria waliyomshtaki nayo ilihusu mali isiyozidi pauni 5. Kwa hiyo hawakuweza kumhukumu kwa chombo, wakamhukumu kwa KABATI la kioo lililokuwa limekifunika. Faini pauni 3! Chombo kikaungwa na John Doubleday, fundi wa makumbusho hayo, mwaka uleule, na kimebomolewa na kuungwa upya mara mbili baada ya hapo. Ukienda leo kipo, hutajua.

#14 Rupia Ya Mjerumani

Pauni 3 kwa kabati 😂 Wakili wake alikuwa wa Manzese yule.

#15 Mswahili wa Kilifi

Niko Kenya, nawasoma kimya tangu juzi. Hiyo lugha ya "mkusanyiko wa zamani" sisi Mijikenda tunaijua. Vigango vyetu, zile nguzo za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, viling'olewa kwenye maboma usiku vikauzwa Marekani kama mapambo. Kwa karatasi ilionekana ni mali safi, imenunuliwa kwa muuzaji mwenye duka. Denver Museum of Nature & Science ilikuja kukiri na mwaka 2014 ikatangaza kuvirudisha 30. Na hivyo 30 vilikuwa na bahati ya kufika kwa watu waungwana.

Kwa hiyo kaka, huko Syria kuna mtu wa kijiji fulani anasoma tangazo la mtandaoni kama sisi tulivyokuwa tunayasoma.

#16 Mchanga na Magadi

Nimekusoma ndugu yangu. Sina cha kujitetea.

#17 Bint Matrah

Assalaam alaykum. Nipo Muscat, asili yetu Unguja. Nimeona kwenye picha za makumbusho vile vya mirija miwili iliyogandana, na mshikio wa kioo juu kama wa kikapu. Si vya wanja vile? Bibi yangu alikuwa nacho cha fedha, cha mrija mmoja, na kijiti chake. Alfajiri kabla hajazungumza na mtu anapaka.

#18 Mchanga na Magadi

Waalaykum salaam dada. Ni vya wanja haswa! Vya Syria na Palestina, karne ya 4 na 5 hasa. Vingine hukutwa na kijiti cha shaba bado kimo ndani na wanja umekauka umekishika. Mrija mmoja unapulizwa, ukiwa bado laini unabanwa katikati unakuwa miwili. Halafu fundi anavuta uzi wa kioo cha moto anauzungusha kuanzia chini hadi juu, mwisho anatia mishikio. Wengine walitia mishikio mitatu minne, ghorofa juu ya ghorofa, hadi huelewi mtu alikuwa anakishika wapi. Kama yale makombe ya ligi za mtaani, makubwa kuliko mchezaji.

Na hapa nikiri jambo. Ninacho kimoja. Baada ya msiba wa kile cha kwanza niliapa sinunui tena, nikakaa miaka miwili. Mwaka 2023 nikakiona kwa muuzaji wa vitabu na vitu vya kale mji wa jirani. Kimepasuka mshikio mmoja, rangi yake ya kawaida, kijani iliyofifia, hakimeti hata kidogo. Lakini kilikuja na risiti iliyopigwa taipu ya mwaka 1974, duka limetajwa, vipimo vimetajwa, na ule ufa wa mshikio umetajwa. Picha ya rangi ya miaka hiyo kikiwa juu ya redio. Euro 420. Kibaya kuliko cha kwanza, bei mara tatu. Nililipa bila kuomba punguzo, na mke wangu hajaambiwa bei mpaka leo, kwa hiyo mkimjua nyamazeni.

#19 Bint Matrah

Kaka, juu ya redio! Kila nyumba ya Kiswahili ilikuwa na kitu juu ya redio, na kitambaa cha kufuma chini yake.

#20 Jino Kwa Jino

Naomba kupinga kidogo. Risiti ya 1974 inathibitisha tu kwamba kilifukuliwa zamani. Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale ni wa 1970. Kwa hiyo mwizi wa zamani ni mtakatifu, mwizi wa juzi ndiye mwizi?

#21 Mchanga na Magadi

Mkuu hoja yako ina miguu. Sitakudanganya kwamba cha 1974 kilitoka kaburini kwa ridhaa ya mwenye kaburi. Ninachoweza kusema ni kwamba hela yangu ya 2023 haikumlipa mtu aliyeshika sururu 2023. Zaidi ya hapo sina. Wapo wakusanyaji wanaokataa chochote kisicho na karatasi ya kabla ya 1970, na kwa kipimo hicho hata hiki changu kinaanguka.

Sheria nazo zimezidi kubana. Ujerumani tangu 2016 muuzaji anatakiwa achunguze kitu kimetoka wapi kabla ya kukiuza. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 28 Juni 2025, kitu cha kuchimbwa ardhini chenye zaidi ya miaka 250 kilichotoka nje ya Umoja hakiingii bila leseni, hata kama thamani yake ni ya chai na maandazi. Kwa hiyo yule jamaa aliyeanzisha uzi wa "dili" aelewe: ukinunua huko nje bila karatasi kinaweza kuzuiliwa forodhani, na hela imeshakwenda.

#22 Rupia Ya Mjerumani

Sasa utani pembeni. Kuna mzee Bagamoyo ana chupa ya kijani kibichi, ya pembe nne, nzito, aliipata shambani. Anasema ni ya Warumi au Wareno. Anataka milioni tano. Nawezaje kujua? Na je, vya kughushi vinajulikanaje?

#23 Mchanga na Magadi

Nilijua tu utafika hapo. Kwanza rupia za Wajerumani, sasa chupa za Warumi.

Ya pembe nne, nzito, kijani iliyoiva? Kwa maelezo hayo mimi nawaza chupa ya jini ya karne ya 19. Zilipakiwa kwenye makreti ndiyo maana zina pembe, na zilimwagwa pwani zote za Afrika. Kioo cha Kirumi ukikishika cha kwanza kinachokushangaza ni wepesi. Changu ni kama ganda la yai. Mwambie mzee aende ofisi ya Mambo ya Kale. Na wewe usinunue: sheria yetu ya mambo ya kale ipo tangu 1964, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 inavitambua kama masalia. Usijitie kwenye kesi kwa chupa ya pombe.

Vya kughushi: wanapuliza kioo kipya, wanakipaka gundi, wanakivingirisha kwenye udongo na unga unaometa. Udongo wa gundi umekaa sawasawa kila mahali kama unga wa ngano kwenye samaki, na hauko mahali penye maana, yaani ndani ya bega ambako wa kweli hujikusanya. Rangi ya kweli ina kina na inabanduka majani majani. Ya kupaka inakwaruzika kama rangi ya kucha. Kingine, vipande vya chupa mbili tofauti huungwa kikawa kimoja, shingo ya huyu tako la yule. Hapo taa ya urujuanimno inasaidia, gundi ya kisasa huwaka weupe wa bluu. Ila kusema kweli vichupa vidogo vya bei chini ni vya kweli mara nyingi kuliko mnavyodhani. Kughushi kitu cha euro 140 vizuri ni kazi kubwa kuliko kukifukua.

#24 Mama Neema

Mwanangu nimekutumia picha. Sema tu hadharani, nimeshajiandaa.

#25 Mchanga na Magadi

Mama, kina mshono wa kalibu pande mbili, na kifuniko cha plastiki. Lakini kinapendeza. Tia mafuta ya nazi.

#26 Mama Neema

🤣🤣 Dola 60 zangu. Asante mwanangu.

#27 Kigoda Cha Mbele

Mkuu sasa cha kwanza, kile cha euro 140, umekipeleka wapi?

#28 Mchanga na Magadi

Kipo. Nimekiondoa kabatini nikakiweka kwenye boksi lenye sponji laini, hakiguswi, hakioshwi, mbali na dirisha na mbali na bomba la joto. Mwezi uliopita niliandika barua kwa ofisi inayohusika na urithi wa utamaduni huku, nikaambatanisha tangazo la muuzaji, zile barua pepe nne, picha za kabla na baada ya kuosha, na ule udongo kidogo uliobaki ambao nilikuwa nimeukunja kwenye karatasi. Nimewaambia nipo tayari kukikabidhi kama watajua kwao ni wapi. Wamejibu kwamba wamepokea na wamekipa namba ya faili.

Wakirudi kwangu nitaleta mrejesho.

#29 Mswahili wa Kilifi

Utuambie hata wakikaa miaka. Sisi tulingoja.